Salamu Nilizomeza

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba namsuka Mama Gwamaka kibarazani, naye ameketi mkekani katikati ya magoti yangu kama kawaida. Sisi wasusi tunaongea na visogo. Uso wa mteja unauona akija na akiondoka.

Mama Gwamaka ni jirani yangu wa ukuta mmoja, na leo asubuhi anahama, anakwenda kuishi kwa kaka yake Chunya. Tangu amzike mwanawe Gwamaka, watu wanamwita "jirani" tu, wanaliogopa lile jina. Siku ya msiba aliwatoa nje wazee wa kanisa waliomwambia kuwa ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikasikia yote, na tangu hapo nimefunga mdomo. Namwombea kila siku na hajui. Hata "Bwana Yesu asifiwe", ambayo zamani ilinitoka yenyewe nikimwona, sasa naimeza. Naogopa atanitoa nje na mimi.

Basi namsuka. Nainua macho, naona benchi la wateja limejaa wanawake waliovaa nguo za Jumapili, kila mmoja na pochi mapajani.

"Mmekuja kusuka?" nawauliza.

"Hapana," anasema mfupi mwenye sweta. "Sisi ni salamu zako. Mwinjilisti wenu alisema neno ukilimeza halisagiki tumboni. Hatujasagika."

Nawaomba wasubiri kidogo, nina mteja. Wananijibu kwamba kusubiri wamezoea, ila kama kuna chai wangeshukuru.

Natia chanuo kugawa nywele, na mstari unapita kichwa unaendelea mbele. Unakuwa njia ya katikati ya shamba la chai, nami natembea humo, chanuo mkononi. Majani yananukia mafuta yake ya nywele. Salamu zinanifuata nyuma zikilalamikia matope.

"Unatafuta nini?" chanuo linauliza.

"Uso wake."

"Zunguka mbele."

Nazunguka mbele, nakuta kisogo. Nazunguka tena, kisogo kingine, kimesukwa vizuri, na mkono ni wangu. Hapo uchungu ukanishika. Nina hamu na mtu anayekaa miguuni pangu kila Jumamosi. Natamani hiki kinachonishikilia mimi ninapoomba kimshikilie na yeye, hata kidogo, aende nacho Chunya.

"Mwite," linasema chanuo. "Mimi siwezi, ni chanuo."

"Akinifukuza?"

Chanuo linafikiri. "Kwani sasa hivi uko ndani?"

Mwisho wa shamba lori linapiga honi. Kitanda chake kimeshapakiwa, na kinamwita kwa sauti ya upole apande, safari ni ndefu. Salamu zinafungua pochi zao zote kwa pamoja. Ndani mna sauti yangu, vipande vipande, imekunjwa kama leso. Yule wa sweta ananipa kipande chake.

Nakiambia kile kisogo, "Mama Gwamaka, Bwana Yesu asifiwe. Nakuombea kila siku. Na Gwamaka namtaja kwa jina lake."

Salamu zinasimama, pochi mikononi, zinangoja kuitikiwa. Kisogo kinaanza kugeuka. Naona sikio, naona pembe ya shavu.

Nikaamka kwa sauti yangu mwenyewe.

Kulikuwa kumekucha na lori lilikuwa linanguruma uani. Nilibaki nimelala nikiutazama ukuta wetu, ambao haufiki darini, kama kuta za vyumba vingi vya kupanga. Upande wa pili mtu alikuwa akifunga mizigo. Nikasikia kamba ikivutwa, ikavutwa tena, kisha ikaachwa.

"Amina," akasema Mama Gwamaka.

Nilikaa kitandani, sikuthubutu hata kukohoa. Akapenga kamasi.

"Njoo basi tufunge hili godoro."