Hesabu Kuanzia Sitini

Mdogo wangu amenikataza kuongea ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nyumba nafagia mimi, sufuria nasugua mimi, lakini wimbo ukianza kunguruma na mimi nikafungua mdomo kuuliza kama chai imetiwa sukari, ananinyoshea kiganja kama askari wa barabarani. "Dada, nyamaza. Cherehani anaongea."

Cherehani ni rapa. Jina hilo alipewa na mashabiki enzi tukiwa shuleni, kwa jinsi maneno yake yalivyotoka mfululizo, yamebanana, bila uzi kukatika. Kisha akanyamaza. Hakuaga, hakugombana na mtu, alinyamaza tu, na miaka ikapita mpaka wenzake wakaota vitambi. Mwaka huu akatangaza kwamba anarudi na albamu mpya, na tangu siku hiyo nyumba yangu haina utulivu. Mashabiki wake wanajiita Nyuzi. Mwenyekiti wao ni mdogo wangu, mwanamume mzima mwenye karakana yake ya kuchora mabango ya maduka, na vikao vyao wanafanyia sebuleni kwangu, kwa vikombe vyangu.

Albamu ilipoahirishwa mara ya kwanza, walisema ni mambo ya mitambo. Mara ya pili wakaanza kutafuta mchawi. Fundi viatu mmoja alikuwa na hakika kwamba midundo imeibwa. Mwalimu wa hesabu, mama wa makamo ambaye hakosi kikao, alisema Cherehani anawapima tu nani wa kweli na nani wa kupita. Wengine walisema ameishiwa, hana jipya, na kwamba mwenyekiti anawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hapo mdogo wangu alisimama akawaapia: mwisho wa mwezi albamu isipotoka, anajiuzulu, na ile picha kubwa ya Cherehani aliyoichora kwenye ukuta wa karakana anaipaka rangi nyeupe kwa mkono wake, wao wakiwa wamesimama wanatazama.  Mimi nilikuwa jikoni na kisu mkononi, nikatamani kupenya ukuta nikamzibe mdomo.

Maana mimi nilijua. Wao walikesha wakichambua midundo na maadui, kumbe Cherehani alikuwa na pengo. Hakuwa na meno ya mbele.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nina chumba changu nyuma ya kliniki, chenye dirisha moja, sinki lililoganda plasta, na rafu ya vinywa vya watu vilivyochongwa kwa plasta nyeupe, kila kimoja kimekenua kivyake. Daktari anang'oa, mimi napanga. Fizi za Cherehani ziliugua, meno yakalegea, daktari akayaondoa yote ya mbele ya juu. Siku aliyoletwa kwangu alikuwa amevaa barakoa na kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi, lakini nilimjua kwa mabega. Mabega yale nayapita kila asubuhi pale kwenye ukuta wa karakana.  Nikajikaza, nikamwambia, "Karibu, mzee wangu, keti hapa," kama vile namkaribisha mtu yeyote. Aliniomba kitu kimoja tu, siri. Nikampa neno langu kwamba sitamwambia mtu, hata mdogo wangu.

Nilimwomba picha yake ya zamani akiwa anacheka, tufuate meno yake yalivyokaa. Alisema hana. Akasema nimpangie tu meno ya mtu wa heshima, yaliyonyooka na kushikana. Nami nikampangia, tena kwa ufundi wangu wote.

Kabla meno hayajawa magumu, tunayasimamisha kwanza kwenye nta, mtu anayavaa, tunamsikiliza. Mafundi tuna mtego wetu: tunamwambia ahesabu kuanzia sitini. Sitini, sitini na moja, sitini na mbili, mpaka sabini aimalize yote. Sauti ile ya mwanzo, ile "sss", haina huruma. Jino likisogea mbele kidogo, upepo unapiga mluzi, na likirudi nyuma, ulimi unajikwaa. Cherehani alihesabu vizuri. Kila tukihesabu aliweka simu yake mezani, irekodi, akajisikilize nyumbani.

Lakini kila akienda nayo studio, anarudi kwangu ameinamisha kichwa. Maneno yanatoka, alisema, ila si yake. Nilipunguza hapa, nikasugua pale, nikalainisha upande wa kaakaa, nikarudia upya kabisa. Bado. Mara ya mwisho alikaa bila hata kuvua kofia, akayatoa meno mfukoni yakiwa kwenye kitambaa, akayaweka mezani.

"Fundi, wewe huna kosa," alisema. "Nakuja mara moja tena, Jumatatu. Ikishindikana nawaandikia watu kwamba nimestaafu, tuishie hapo."

Alilisema taratibu, kama mtu anayesema leo hataki chai. Niliogopa. Mwisho wa mwezi ulikuwa unagonga mlango, yeye anataka kustaafu, na mdogo wangu ameshaapa mbele ya watu.

Sikukalika siku zile. Nilimfokea daktari kwa kosa la mgonjwa, nikadondosha kinywa cha plasta cha mama wa watu, nikatia chumvi kwenye chai na nikainywa hivyo hivyo. Nyumbani mdogo wangu alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, simu mkononi, akisoma matusi ya watu aliowaita ndugu. Walimwita tapeli. Walimwita msemaji wa mfu. Alikuwa akinisomea kwa sauti, halafu ananitazama nimpe neno, na mimi najifanya natafuta kijiko. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nafua. Ndani wimbo wa zamani wa Cherehani ulikuwa ukipigwa tena na tena, kama kawaida ya mdogo wangu. Nimeusikia wimbo ule mara nyingi maishani kuliko sauti ya mama yangu. Lakini siku hiyo, sijui ni uchovu, sikusikiliza maneno, nilisikiliza mdomo. Na kila mahali mwanamume yule alipotamka sauti ile ya sitini na sabini, nyuma yake kulibaki pumzi nyembamba, ikitoroka. Haikuwa mluzi. Ilikuwa kama upepo unaopita chini ya mlango. Meno niliyompangia mimi hayakuwa na mlango. Nilikuwa nimeyabana kama ukuta.

Niliingia ndani na povu mpaka kwenye viwiko, nikamuuliza mdogo wangu kama ana picha ya Cherehani akicheka.

Alinitazama kwa mashaka. Mbona leo? Miaka yote nimemwita mtu huyu kelele. Nikamwambia nataka kumwona vizuri huyo anayetunyima usingizi. Akasema Cherehani hachekagi, picha zake zote kafunga mdomo, ndiyo sifa yake. Halafu akakumbuka. Akachimba kwenye simu mpaka akapata moja, imepigwa kutoka chini ya jukwaa, kinywa wazi, kipaza sauti kimesogea pembeni. Katikati ya meno mawili ya mbele kulikuwa na mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti.

Nilikaa chini kwenye mkeka na povu langu. Mdogo wangu akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatatu Cherehani alipokuja, nilikuwa nimejipangia maneno laini, yote yakanipotea. Nilimwambia tu, mzee wangu, ulikuwa na mwanya na hukuniambia.

Aligeuka akatazama rafu ya vinywa.  Kisha akasema shuleni walimwita Geti. Walikuwa wakimrushia punje za mahindi waone kama zitapita. Ndiyo maana hakuwahi kucheka mbele ya kamera, na watu wakadhani ni ukali, ikawa sifa. "Yalipong'olewa nililia," alisema, "halafu nikajiambia, angalau sasa nitazeeka na meno ya watu. Nicheke na wajukuu kama mtu mwingine."

Iliniuma. Mtu ameomba kitu kidogo hivyo maishani, na mimi ndiye wa kumnyima.

"Nikikuachia haya utacheka vizuri, mzee, na sitakulaumu," nilimwambia. "Lakini ile sauti watu wanayoisubiri ilikuwa inapita pale. Mimi nimeziba njia."

 Alivua kofia, akaitundika kwenye msumari, akaweka simu yake mezani kama siku zote, akafungua mdomo.

Nilikuwa nimeyasimamisha meno upya kwenye nta; nilipasha kisu kwenye moto, nikailainisha, nikayatenga yale mawili ya katikati kidogo, mbele yake, akitazama. Akavaa. Akaanza: sitini, sitini na moja. Ulimi ulikuwa unaogopa. Kwenye sitini na sita akakwama. Nikatoa, nikakwangua, nikatenga tena kwa upana wa unywele mmoja.

"Rudia, mzee wangu. Sitini na sita. Usiogope."

Akarudia. Na ile pumzi ikapita.

Aliisikia yeye, niliisikia mimi. Akaendelea, sitini na saba, sitini na nane, na alipofika sabini hakuwa anahesabu tena. Namba zilikuwa zinashonwa. Sabini na moja, sabini na mbili, mguu wangu ukaanza kupiga sakafu wenyewe, kisu bado kina moto mkononi. Alipomaliza alikuwa anacheka, mwanya wote nje, na mimi nalia kama mjinga.

Nikayatengeneza meno yale, akaja akayachukua, akatoweka. Hakupiga simu. Mwezi ukawa unaisha, mimi roho juu. Mdogo wangu alishanunua rangi nyeupe. Kopo alilisimamisha mlangoni, na kila nikitoka nagonga kidole.

Siku ya mwisho ya mwezi, mchana, Nyuzi walijaa sebuleni, wengine wamekuja kusubiri albamu, wengine wamekuja kutazama mtu akiaibika. Fundi viatu alikuwa ameshalishika kopo, analipima uzito. Ndipo simu zikalia zote kwa pamoja.

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeunganisha spika. Nilisimama mlangoni mwa jikoni. Kwanza hakukuwa na mdundo. Kulikuwa na mkwaruzo wa kitu kidogo kikikwangua, kisha sauti nzito ya mwanamume, bila haraka. Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili.

"Ni yeye," alisema mdogo wangu, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ni yeye, ni yeye."

Sebule ikachafuka. Fundi viatu alisema namba hizo ni umri wake. Mwingine akasema hapana, ni nyimbo alizoziandika akazitupa. Mwalimu wa hesabu akaomba kalamu. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha, kwa maana nilikwishajua kinachofuata. Sitini na tano. Sitini na sita, ikakwama.

Halafu mwanamke akasema kwenye spika, wazi kabisa, kwa sauti ninayoitumia kuwaita watu waje kula: "Rudia, mzee wangu. Sitini na sita. Usiogope."

Mdogo wangu alisimamisha wimbo. Alinigeukia. Nyuma yake na wengine wakageuka, mmoja baada ya mwingine.

"Ulinitazama nikitukanwa," alisema.

"Nilitoa neno langu."

Macho yake yalikuwa yamejaa, na sikujua kama atanifokea au atanikumbatia. Nadhani hata yeye hakujua. Fundi viatu akaanza kuuliza maswali, wote wakaanza, kelele ikapanda mpaka dari. Mdogo wangu akarudisha wimbo mwanzo, akawanyoshea kiganja.

"Nyamazeni," alisema. "Dada yangu anaongea."