Chumvi ya Puani

Mama Chafya aliuficha mkebe wa chumvi kwenye ndoo ya nguo chafu, akaufunika kwa soksi za mumewe. Alijua hapo hata mwizi mwenye njaa hatatia mkono. Tangu nesi aseme presha ya mume huyo, Fundi, iko juu mno, na kwamba jicho lake halitafanyiwa upasuaji mpaka presha hiyo ishuke, chumvi ilipigwa marufuku nyumba nzima. Maharage bila chumvi, mchicha bila chumvi, hata yai la kuchemsha lililiwa hivyo hivyo, kishujaa.

"Mke wangu," Fundi alilalamika, "haya maharage yamekosa nini mpaka yaadhibiwe hivi?"

"Kula, baba. Unataka jicho au unataka utamu?"

Fundi alitaka jicho. Alikuwa fundi cherehani, na mtoto wa jicho alikuwa amemtanda mpaka uzi mweusi na mweupe kwake ni sawa tu. Juzi tu alimshonea mwalimu mkuu suruali, mguu mmoja akaufunga chini kama soksi. Mwalimu mkuu wa watu akaivaa kwa haraka asubuhi, akajikuta kifudifudi mlangoni kwake. Wateja wakaanza kupita mbali na kibanda chake, kila mmoja ana udhuru wake. Wengine waliapa siku hizi wanapenda mitumba.

Na Mama Chafya mwenyewe alishonewa gauni la maua, mkono mmoja unafika kwenye vidole, wa pili umekata tamaa kwenye kiwiko. Alilivaa. Alilivaa sokoni, akalivaa msibani, na aliyethubutu kucheka alikatwa jicho mpaka akanywea.

"Limenikaa sawasawa," alimwambia mumewe, naye Fundi akafurahi sana, akaahidi kumshonea jingine. Mungu apishe mbali!

Sasa, jina la Mama Chafya halikutokana na mafua. Mama huyu alitengeneza ugoro, na sio ugoro wa kubahatisha. Ulikuwa ugoro wa kunusa ambao mtu akivuta kidogo tu, machozi chururu, chafya mfululizo, halafu anatabasamu peke yake kama aliyeposa akakubaliwa. Tumbaku aliitwanga mwenyewe kibarazani. Mteja wake nambari moja alikuwa Fundi. Kikopo cha bati kilikaa pembeni ya cherehani, na kila akimaliza mshono alijizawadia. Akikosea mshono alijiliwaza. Kwa hiyo siku hizi alijiliwaza kutwa.

Waliporudi zahanati, nesi alimfunga Fundi kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akakunja uso.

"Presha haijashuka. Mama, una hakika hali chumvi?"

Loo! Mama Chafya aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Yeye, aliyeficha mkebe chini ya soksi! Kama chumvi haitoki jikoni kwake, basi huyu mwanamume ana jiko jingine.

Kuanzia siku hiyo Fundi hakupumua. Akirudi msalani, ananuswa mdomo. Akivua shati, mifuko inapekuliwa. Akisema anakwenda kununua uzi, mkewe anamfuata kwa mbali akiwa amevaa lile gauni la maua, ambalo hata mtu mwenye mtoto wa jicho angeliona.

"Nani anakupikia?" alimbana siku moja kwenye kibanda. "Sema tu. Afadhali ungekuwa na mwanamke! Mwanamke ningemfuata nikamtoa roho, yakaisha. Chumvi nitaifuata wapi mimi?"

"Haki ya Mungu, sijaonja chumvi!" Fundi alikaribia kulia. "Unadhani mimi sitaki kuona? Jana nimepapasa sindano mpaka nimejichoma kila kidole. Naogopa, mke wangu. Nikiwa kipofu nitashona nini mimi?"

Mama Chafya moyo ulimuuma, maana alikuwa akiogopa hilo hilo, ila yeye hofu yake hutoka kwa kelele. Akamsogezea kile kikopo cha bati.

"Haya, vuta kidogo roho itulie. Nimekutengenezea mpya."

Walipokwenda zahanati tena, kabla nesi hajamfunga mkono, Fundi alichomoa kikopo, akavuta pua zote mbili, akapiga chafya iliyorusha kalenda kutoka ukutani.

"Hicho ni nini?" nesi aliuliza, akijifuta uso.

"Ugoro," Mama Chafya alidakia, kifua mbele. "Natengeneza mwenyewe. Hapa mjini hakuna anayenifikia, nesi, ukiulizwa sema umeambiwa na mimi."

"Unatia nini?"

"Wengine hutia tumbaku na magadi wakadhani wamemaliza. Mimi naongeza samli kidogo ulainike. Halafu, sasa hii ndiyo siri yangu, usiku nachota kiganja kizuri cha chu..."

Akaishia hapo. Fundi aligeuka polepole, akamtazama mkewe kwa lile jicho lenye ukungu.

"Cha nini, mke wangu?"

"Ile sio ya kula!" alisema kwa sauti ndogo. "Ile ni ya pua!"

Fundi alianza kucheka mpaka akateleza kwenye kiti. "Miezi yote hii nimekula maharage ya mfungwa," alisema, "na aliyenilisha chumvi ni wewe!"

Nesi alijitahidi asicheke, akashindwa. Alipopata pumzi akaeleza kwamba puani kuna mishipa myembamba ya damu, na kinachoingia hapo hakichelewi kufika mwilini. Magadi nayo na chumvi ni mtu na dadaye.

"Nikiitoa chumvi na magadi, je?" Mama Chafya alijaribu kupatana.

"Itabaki tumbaku, mama. Na hiyo peke yake inapandisha presha. Mkorofi mkubwa ndiye huyo."

Kinu cha ugoro kikaoshwa, kikakaushwa, kikaanza kutwanga pilipili manga. Wateja walinuna, ila chafya walipiga vilevile. Fundi aliteseka jamani, alinusa chaki ya kuchoria nguo, alinusa hata kikopo kitupu. Lakini presha ilishuka, taratibu, na jicho likafanyiwa upasuaji.

Siku ya kufunguliwa bandeji, Mama Chafya alikaa mbele yake amefumbata mikono, anaomba kimoyomoyo. Fundi alipepesa jicho. Akaona dirisha. Akaona mkewe. Halafu uso ukamkunjamana.

"Na hilo gauni, mke wangu! Mkono huu umefika wapi, na huu umeishia wapi? Nani huyo muuaji aliyekushonea?"

Mama Chafya machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii hakunusa kitu.

"Mume wangu," alisema.

Fundi aliutazama ule mkono mfupi. Akakumbuka mkewe alilivaa sokoni, akalivaa msibani.

"Vua," alisema akijifuta pua. "Twende nyumbani uvue nilifumue."

"Halifumuliwi," alisema mkewe. "Nishonee jingine."