Sifuri za Mwanamkisi

Bakr alimvisha mkewe buibui kama anavyovishwa mtoto: kwanza mkono mbovu, halafu mzima. Mkono wa kushoto wa Mwanamkisi ulikuwa umevimba hadi pete ya ndoa ikabidi ikatwe kwa koleo. Ilikuwa miezi minane tangu aondolewe titi Mombasa. Walipanda boti Ndau alfajiri, na saa nne walikuwa kwenye benchi la kliniki, Lamu.

Kwa Mwanamkisi, maumivu yale yalikuwa mshono unaopoa. Daktari alisema ugonjwa umekatwa, basi umekatwa. Lakini Bakr, fundi wa kuziba mashua, ndiye aliyekuwa akimuosha tangu binti yao Hayat aolewe Kiwayu. Juma lililopita vidole vyake vilikuta kitu kigumu kwapani, kama kokwa ya tende. Alimwambia mkewe lazima kionekane, apate barua ya kurudi Mombasa. Mwanamkisi alimwambia asimchimbie kaburi angali hai.

Nesi alikuwa Chelangat, msichana wa bara, mpole, mwenye wagonjwa arobaini nje ya mlango. Aliuliza maumivu ni ngapi, kati ya sifuri na kumi.

"Alhamdulillahi," Mwanamkisi akajibu.

Chelangat akaandika sifuri.

Bakr akasema huyu hawezi hata kuinua mkono kuhirimia swala, na akioshwa anauma mtandio asipige kelele. Nesi akamjibu kwamba fomu inataka neno la mgonjwa mwenyewe. Akamgeuzia kadi aone: ziara nne, sifuri nne. Barua ya haraka ilitolewa kuanzia saba kwenda juu.

"Mwambie, Mama Hayat."

"Nimwambie nini? Nimshitaki Mungu kwa mtoto wa watu? Hii ni ndia ya kupoa."

"Ana uvimbe kwapani," Bakr akamwambia nesi. "Mshike uone."

Mwanamkisi aliubana mkono ubavuni. Chelangat akamuuliza kama anaruhusu kupimwa. Akatikisa kichwa. Nesi akaandika kwamba mgonjwa amekataa, akampa panadol na tarehe ya kurudi: wiki sita. Kisha akaita jina lingine.

Walikaa kivulini nyuma ya jengo hadi sauti za foleni zikaisha, kwa kuwa Mwanamkisi hakuweza kusimama. Jasho lilikuwa limemlowesha usoni. Hakumtazama mumewe.

"Hicho cha kwapani, mimi nilikigusa kabla yako," alisema. "Tangu Shaabani."

Bakr alimfuta jasho kwa ncha ya mtandio.

"Ni kumi, Baba Hayat. Siku zote ni kumi."

Bakr akaichukua kadi, akarudi mlangoni. Palikuwa na kufuli. Kiptoo, askari wa lango, alimweleza kuwa nesi ameondoka na boti ya Mokowe, kesho ana kliniki nyingine huko bara. Bakr akamwambia mgonjwa ameshasema, ni kumi. Kiptoo akasema basi aseme hivyo siku ya tarehe yake.

"Wiki sita?"

"Mimi ni wa lango tu, mzee."

Bakr aliishia darasa la nne, lakini kumi aliweza kuiandika. Alichomoa kalamu mfukoni mwa shati la Kiptoo, akaiweka kadi ukutani, akaandika 10 juu ya ile sifuri ya mwisho, kubwa, akikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Kiptoo aliitazama. Hakukasirika.

"Umeiharibu, mzee," alisema. "Kadi iliyochorwa hawaipokei."