Mazoezi Tisa

Gaston aliogopa vitu vingi katika jiji la Johannesburg, lakini hakuna alichokiogopa kama mlango usiogongwa. Hofu hiyo aliipata Diepsloot, kitongoji cha kaskazini mwa jiji. Kule alikuwa na spaza, duka dogo la mabati la kuuza mkate, sukari na vocha. Siku watu walipokuja na marungu wakiimba kwamba wageni watoke, majirani zake walikuwa wameshatoroka nusu saa nzima kabla, na kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia Gaston. Alitokea kwenye bati la nyuma, ngozi ya kiwiko ikabaki palepale, duka likateketea. Hakuna aliyemtakia mabaya. Walimsahau tu, na huko kusahauliwa ndiko kulikomuuma mpaka leo.

Kwa hiyo usimcheke ukisikia kwamba mtu mzima wa miaka hamsini na nane alikipenda kijitabu.

Alikiokota kazini. Alikuwa mlinzi wa mchana kwenye jumba la chama cha askari wa zamani, na siku stoo iliposafishwa, maboksi ya karatasi yaliwekwa nje yasubiri gari la taka. Ndani ya boksi moja mlikuwa na kijitabu chenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, masharti ya serikali ya koloni kwa wanajeshi wake wa kujitolea: wafanye mazoezi mangapi kwa mwaka, walipwe nini, na fedha za kikosi zitoke wapi. Wanajeshi hao walikuwa makarani na wauza maduka, weupe watupu, waliokuwa wakifundishwa kujiweka tayari kwa ajili ya ghasia. Na ghasia walizozitarajia zilikuwa na rangi ya Gaston. Alilijua hilo, na kama angelisahau, Léocadie alikuwepo wa kumkumbusha. Huyu alikuwa fundi cherehani wa Jules Street, mama kutoka Bukavu, Kongo, alikotoka Gaston pia, na hakuwa na breki mdomoni.

"Papa Gaston, hii kitabu baliiandika juu ya kutupiga sisi," alimwambia. "Na wewe unaisoma sawa Biblia."

"Bunduki yao nimewaachia, Mama. Nimechukua mpango tu."

Mpango wenyewe ulihitajika, hilo hata Léocadie hakulibishia. Uvumi ulikuwa umeanza kwamba kuna kundi linalozunguka vitongoji vya mashariki mwishoni mwa wiki, likifunga maduka ya wageni na kuwatoa watu vyumbani. Wafanyabiashara wa Malvern, kitongoji chao, wakakutana, Wakongo, Warundi na Watanzania wachache. Gaston akasimama na kijitabu chake, akawatafsiria sharti moja baada ya jingine, na kabla ya chai kupoa wakamwita Adjudant, kama afisa wa jeshi la kwao.

Wenye maduka wangechangia kila mwezi. Wenye miguu na pumzi wangejitolea, na kila Jumapili baada ya ibada wangefanya mazoezi uani kwa Léocadie: kushusha kwa haraka shata, ile milango ya bati ya maduka, kumbeba mgonjwa kwenye ngazi, kukimbia kwenye milango kuwatoa watu filimbi ikilia. Kila mmoja alipewa milango mitatu. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwenye mlango wake mwenyewe. Huo ulipewa mtu mwingine, ili asitokee wa kuwatupa wazee wa watu akakimbilia wanawe. Walikuwa pia na namna ya kugonga iliyobadilishwa kila mwanzo wa mwezi, ili adui asijifanye rafiki. Aliyefikisha mazoezi tisa kati ya kumi na mawili alilipwa na kuhesabiwa mtu kamili. Asiyefikisha hakupata kitu na jina lake lilifutwa, kwa sababu Mansour, Mtanzania wa duka la jumla aliyechangia kuliko wote, alisema hatoi pesa yake kwa vivuli.

Cédric alifikisha manane.

Alikuwa kinyozi, kijana mpole, na aliishi na mkewe Héritière katika chumba kilicho nyuma ya saluni yake. Jumapili nne alizokosa alikuwa hospitali, maana mimba ya mke ilikuwa ya kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa. Mtoto alipozaliwa salama, alimwendea Gaston akiwa na uso wa furaha na usingizi.

"Papa Adjudant, ni moja tu. Nitailipa Jumapili mbili."

"Kitabu kinasema tisa."

"Bibi yangu Héritière alikuwa mu hospitali, Papa."

"Najua, mwanangu, na nimefurahi. Lakini nikikuachia wewe moja, kesho mwingine ataomba mbili, na siku yenyewe ikifika nitapiga filimbi wasije."

Léocadie alipiga meza kwa kiganja. "Weye Gaston! Mutoto iko na siku ine tu!"

Hakumsikia. Diepsloot ilikuwa imemfundisha kwamba huruma ya watu huja imechelewa, na kwamba orodha ndiyo isiyosahau mtu. Alichukua kalamu nyekundu na rula, akapiga mstari daftarini juu ya jina la Cédric, juu ya namba ya nyumba, juu ya jina la Héritière. Milango mitatu ya Cédric akawagawia wengine siku hiyohiyo. Mlango wa nne, wa Cédric mwenyewe, hakuufikiria.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu mwezi mpya ukaanza, na namna ya kugonga ikabadilishwa. Jumatano zikaja habari kwamba kundi litashuka Malvern Jumamosi saa nne asubuhi.

Ijumaa usiku Gaston hakulala. Alikaa kitandani na daftari mapajani, akiyasoma majina kwa sauti ndogo, nyumba thelathini na moja zilizosalia, na kila alipofika kwenye mstari mwekundu aliuruka.

Hawakuja saa nne. Walikuja saa tatu kasorobo, na hawakupitia upande uliotazamiwa, walitokea Troyeville, upande wa magharibi. Mtu aliyewekwa kwenye roboti, zile taa za njia panda, alipiga simu akihema. "Papa, banakuya! Beko bengi!" Midomo ilimkauka hata filimbi ikatoa hewa tupu mara ya kwanza. Mara ya pili ikalia.

Na lazima tumpe haki yake, mpango ulifanya kazi. Shata zilishuka kwa mfululizo, mtaa mzima ukanguruma. Watu waliletwa kwenye ukumbi wa kanisa wenye mlango wa chuma, barabara moja nyuma ya Jules, mama na beseni la nguo zilizolowa, baba na kiatu kimoja, watoto wakivutwa mikono na kuulizana kwa Kizulu kuna nini. Hakuna aliyepiga kelele. Gaston alisimama mlangoni na daftari, akiweka alama. Ishirini. Ishirini na sita. Thelathini. Nyimbo zilikwishaanza kusikika, na chini ya nyimbo, sauti ya vioo.

Alisalia mmoja, Mzee Herménégilde, Mrundi mshona viatu wa ghorofa ya tatu, ambaye mguu wake mmoja haukunji. Aliyepewa mlango ule alirudi mikono mitupu. Alisema amekuta mzee ameshachukuliwa. Na nani? Hajui.

Ndipo Cédric alipoingia. Mzee alikuwa mgongoni kwake, amemkaba shingo, na damu ilikuwa ikimchuruzika Cédric kutoka juu ya jicho, maana jiwe lilimpata kwenye kona. Alikuwa amesikia filimbi akiwa njiani kununua maziwa, akakimbilia kwa Mzee, mmoja wa milango yake ya mazoezi, wala hakugeuka nyumbani. Alimshusha mzee taratibu juu ya benchi. Gaston akaweka alama ya thelathini na moja, akashusha pumzi, na mlango wa chuma ukapigwa komeo.

Cédric aliutazama ukumbi wote, benchi kwa benchi.

"Héritière iko wapi?"

Akamgeukia Gaston.

"Papa, mlango yangu balipatia nani?"

Gaston alifungua daftari, ingawa hakukuwa na haja. Herufi zilionekana vizuri chini ya mstari, mwandiko wake mwenyewe ulionyooka. Hofu iliyompata pale haikuwa ile ya nyimbo na vioo. Ilimwanzia miguuni, na aliijua. Ilikuwa ya Diepsloot, safari hii yeye ndiye aliyekuwa jirani.

"Hakuna," alisema. "Niliukata."

"Nilifikiri ulikata pesa tu," Cédric alisema, bila ukali wowote, kama mtu anayeomba kueleweshwa. Kisha akaukimbilia mlango, akazimia katikati ya ukumbi. Léocadie alimkalia karibu, akambana kidonda kwa kitenge. Alimwinulia Gaston macho.

Gaston alimpa daftari mtu wa karibu, akaondoa komeo mwenyewe.

Nje kulikuwa na jua zuri la asubuhi, na hilo lilimtisha zaidi. Aliambaa na ukuta. Mara mbili miguu iligoma kabisa, ikabidi ajisemeshe kwa jina. Alipochungulia Jules Street aliwaona, wamejaa barabara kutoka ukingo hadi ukingo, mbele yao mtu mwenye kipaza sauti, nyuma yake wengine waking'oa shata kwa nondo. Saluni ya Cédric ilikuwa ya tano kutoka walipokuwa. Aliingia uchochoroni, akaufikia mlango wa nyuma, akagonga kama walivyokubaliana mwezi huu: tatu za haraka, moja ya kiganja.

Hakufunguliwa.

Akagonga tena. Ndani kitu kilisogezwa kikakwaruza sakafu. Aliyekuwa ndani alikuwa akiuziba mlango.

"Héritière! Ni mimi, Papa Gaston. Fungua, binti yangu, beko karibu."

Sauti ilitoka chini kabisa, kwenye ufa. "Papa, filimbi ililia, hakuna mutu alikuya. Sisi hatuko mu kitabu yako. Endelea kwa benye beko."

"Muko. Nimewafuata ninyi."

"Kama tuko, gonga vile banatugongeaka."

Akainua mkono agonge tena tatu na moja, mkono ukabaki hewani. Tatu na moja ni ya mwezi huu, na mwezi huu hakuna mtu aliyewafundisha hawa. Kwake yeye mle ndani, hiyo ilikuwa ngumi ya yeyote. Shata ya jirani ililia ikichanwa. Gaston alifumba macho akatafuta ya mwezi uliopita, kichwa kikawa kitupu, akatafuta tena, ikaja. Akagonga mbili. Kisha ukucha juu ya mbao, kukwaruza polepole, kutoka juu hadi chini.

Meza ilisogezwa. Mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja, akajipenyeza.

Kurudi hakukuwezekana tena, uchochoro ulikuwa umeshajaa miguu. Wakaingia wote chini ya beseni la kuoshea nywele, nyuma ya pazia la plastiki, katika giza la saluni iliyofungwa, Héritière na kichanga kifuani na Gaston akiwa amewakinga kwa mgongo wake, mgongo wa mzee ambao usingezuia hata fimbo. Nondo iligonga shata. Iligonga tena, chupa za mafuta zikaanguka kutoka kwenye rafu. Mtoto alifungua mdomo. Mama akampa ziwa kwa haraka, mtoto akalikataa, akakunja uso, na Gaston akamwomba Mungu kitu ambacho hajapata kumwambia mtu, kwamba kama ni lazima, mtoto huyu apoteze pumzi kidogo tu, kidogo tu, asilie. Mtoto akashika ziwa.

Shata ilipinda pembeni, mwanga ukaingia kama upana wa kidole. Jicho la mtu likaja kwenye ule mwanga. Likakaa. Nje mwingine akaita kwamba kuna duka la jumla mbele, lina mali. Jicho likaondoka, na nyimbo zikaondoka nalo, polepole, zikielekea kwa Mansour.

Walikaa bila kusogea, hata Gaston hakujua ni kwa muda gani. Mkojo ulikuwa umemtoka na alijua kwamba Héritière amejua. Simu ikatetemeka mfukoni, Léocadie, maneno mawili: "Cédric anaamuka." Gaston akamnong'oneza Héritière kwamba mumewe yuko kanisani, alipigwa jiwe, akamwonyesha kioo cha simu. Alilisoma, akafunga macho, machozi yakamwangukia mtoto kichwani, akayafuta kwa kidole gumba.

"Alienda kubeba Mzee?"

"Alienda."

"Nilijua ataenda. Aliniambia yule Mzee hawezi ngazi." Alisikiliza nje, kisha akamgeukia Gaston. Hakukuwa na kejeli usoni mwake, na hicho ndicho Gaston hakuweza kukivumilia. Aliuliza kwa dhati, kwa unyenyekevu wa mtu aliyezoea kuomba kwenye madirisha ya ofisi. "Papa, alibakiza moja tu. Hii ya leo mutamuhesabia?"