Mlango wa Nyuma, Kulia

Mdogo wangu Ognyan hana desturi ya kunisindikiza popote. Hata kwenye maziko ya shangazi yetu alikuja watu wakila. Kwa hiyo asubuhi ile aliposema twende pamoja kwa Biser, muuza spea za mitumba nje ya mji wa Pazardzhik, ningepaswa kushtuka. Wala. Nilimpa kiti cha mbele na mfuko wa mbegu za alizeti.

Nilitaka mlango mmoja tu, wa nyuma, kulia. Gari aliniuzia Ognyan mwenyewe wakati wa Pasaka, la Kijerumani, linang'aa, na jirani akaja kulibonyeza kwa trekta lake. Mlango ukawa haufungi. Siku moja baada ya safari hii, binti yangu Nevena alikuwa aende nalo Smolyan, kule milimani, kichanga chake kimefungwa kiti cha nyuma, na kona za milima ile hazimsamehe mtu. Hayo yote nilikuwa nimemweleza Biser kwa simu.

"Chukua wowote unaofanana, dada," Ognyan alisema hata Biser hajatufikia. "Rangi ikikubali imetosha. Nyundo kidogo, puti kidogo, basi."

"Nyundo kajigonge nayo kichwani," Biser alijibu akitokea nyuma ya rundo la maboneti. "Watu kama huyu ndio wanaonirudishia milango kila wiki, mama. Toleo hili walilibadilisha. Kwa macho milango ni ile ile, bawaba ndizo tofauti. Ngoja kwanza nisome namba ya chesisi."

Akaisoma chini ya kioo cha mbele, akaenda, akarudi na mlango begani, wa toleo jipya, kama namba ilivyosema. Akafungua wangu uliobonyea, akapachika ule. Matundu ya bolti hayakukutana. Akausukuma kwa goti, akauinua, akatukana. Wapi!

"Umesoma namba vibaya," Ognyan alisema.

"Mimi?" Biser aliilaza milango yote miwili chini, akainama. "Huu wako ni wa toleo la zamani, mama. Kuna mtu aliwahi kuubadilisha?"

"Atakuwa yule Mjerumani aliyeniuzia," Ognyan akadakia, upesi mno.

"Mlango unabadilishwa. Nguzo inayoushika je, nayo aliibadilisha?" Biser aliuliza.

Akaleta mlango wa toleo la zamani. Ukaingia wenyewe, ukafunga vizuri kabisa. Mimi nikashukuru Mungu, lakini Biser alikuwa amenuna. Akakagua bawaba za mlango wa mbele, hizo zilikuwa za toleo jipya. Akatoa sumaku mfukoni, akaiburuta kwenye kizingiti. Ikashika, ikashika, kisha ikaanguka. Akaijaribu kwenye paa, usawa ule ule. Ikaanguka tena: chini ya rangi palikuwa puti, si chuma.

Ognyan aliacha kutafuna mbegu.

Biser akavuta mpira wa mlango, akafunua zulia. Chini yake kulikuwa na mshono mnene wa kuchomelea, umepakwa rangi, umekatiza gari zima kutoka ubavu hadi ubavu.

"Haya ni magari mawili, mama," alisema polepole. "Moja liligongwa nyuma, jingine mbele. Wakaunga nusu kwa nusu."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Ulijua?"

"Dada, si linatembea? Limetoka Ujerumani kwa magurudumu yake!"

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Ningekuuzia kitu kibovu, mimi? Damu yako?"

Nilimwona yule mtoto amelala kwenye kiti chake, juu ya mshono ule, mama yake akikata kona. Nilitamani kumzaba Ognyan kofi mbele ya watu. Badala yake nikamfungulia mlango wa nyuma.

"Haya, nimekuamini. Panda. Kaa hapo hapo. Tunarudi kwa barabara kuu, na mafuta nitakanyaga mimi."

Akatazama kiti. Akatazama zulia lililofunuliwa. Akajifuta shingo.

"Mimi... nitapanda basi, dada. Nina shughuli mjini."

Akaenda zake getini bila kugeuka. Nilimtazama mpaka akapotea nyuma ya mabampa, na sijui kama nilikuwa nalia kwa hasira au kwa uchungu. Nikampa Biser ufunguo.

"Likate vipande," nikamwambia.

"Na Nevena kesho?"

"Atapanda basi," nikasema. "Kama mjomba wake."