Mkanda Chini ya Mtungi

Barazani kwa Bi Biubwa, nyumba ya tatu kutoka msikitini, palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, na mtungi ule ulikalia mkanda wa gari. Ulikuwa mkanda mweusi wa mpira, wenye meno kwa ndani. Bi Biubwa aliuzungusha mara mbili kama kata ya kichwani, akauweka mtungi juu yake, na mtungi ukatulia hata paka akiurukia. Mgeni akishakunywa maji, apende asipende, atasimuliwa habari za mkanda.

“Huo ulikuwa kwenye Haisi yangu,” Bi Biubwa husema. “Fundi Yahya kaubadilisha, akanirudishia mkuukuu nikauona kwa macho yangu. Siku hizi nani anakurudishia? Wengine wanakuchomolea hata kilicho kizima.”

Yahya alikuwa akiyasikia maneno hayo na kutamani ardhi ipasuke immeze. Mkanda ule haukuwahi kuwa kwenye Haisi ya Bi Biubwa hata siku moja. Ulitoka kwenye debe la vyuma chakavu nyuma ya gereji yake, na mwenye kuutoa ni yeye mwenyewe.

Mafundi magari wana majina mengi mjini, na mengine hayatajiki mbele ya wakwe. Yahya alikuwa na jina zuri, na alilipata kwa desturi moja. Kila kifaa alichokitoa kwenye gari alikifuta, akakitia kwenye boksi la kile kipya, akamkabidhi mwenye gari mkononi. Filta, beringi, brekipedi zilizokwisha, hata bolti iliyokatika kichwa. Wateja walizoea, wakawa hawaulizi kitu. Kazi ikiisha wananyoosha mkono tu.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mafundi wa pwani hii wameugua wote, nao ni kushindwa kusema “sijaweza”. Watakwambia kesho, watakwambia jioni, watakwambia imebaki kidogo tu. “Sijaweza” haiwatoki, utadhani ina miiba ya samaki.

Mwezi wa pili taa ndogo iliwaka kwenye dashibodi ya Haisi ya Bi Biubwa. Magari yale ya dizeli yana taa maalumu: ukitimiza kilomita laki moja tangu mkanda wa taimingi ubadilishwe, inawaka kukuonya. Si taa ya kufanyia mzaha. Mkanda ule ukikatika, injini inakufa hapohapo, usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na aliyeko nyuma yako na lori la tani thelathini hana habari.

Bi Biubwa alilileta gari gereji siku ileile. Tangu mumewe afariki, gari lile ndilo lililokuwa likimweka mjini. Bilali, dereva wake, alibeba watu wa harusi, watu wa maulidi, watu wa msiba. Yahya aliagiza mkanda Kariakoo, akamwambia Jumatatu. Jumatatu ukaja mkanda, ukawa si wenyewe; meno yalizidi. Akasema Jumatano. Jumatano haukuja kabisa. Akasema Jumamosi asubuhi, bila wasiwasi, mama.

Jumamosi asubuhi mkanda haukuwepo, lakini Bi Biubwa alikuwepo, na nyuma yake wanawake kumi na wawili waliojifunga mabuibui tayari kwa maulidi ya Mapinga. Wateja wengine wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama.

“Yahya mwanangu,” alisema Bi Biubwa, bila kufoka. “Leo mara ya tatu. Hawa nimewaahidi mimi. Niwaambie nini?”

Hapo ndipo ulimi wa Yahya ulipomponza. “Tayari, mama, mkanda umeshafungwa,” alisema. “Nipe dakika kumi.”

Akaingia garini, akafungua kava la dashibodi, akahamisha skrubu moja ndogo nyuma ya spidomita kutoka tundu hili kwenda tundu lile. Taa ikazimika. Aliwaza kwamba mkanda wenyewe ungefika Jumanne, angelirudisha gari kwa kisingizio chochote na kuufunga, na jambo lingekwisha kimyakimya. Siku tatu si kitu. Akateremka akijifuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

Bi Biubwa akanyoosha mkono.

Hilo Yahya alikuwa amelisahau. Desturi aliyowafundisha watu mwenyewe ilisimama mbele yake na kiganja wazi. Akaenda nyuma, akachakura debeni, akapata mkanda wa gari jingine aliokuwa ameutoa mwezi mmoja nyuma na mwenye gari akakataa kuubeba, akaufuta, akamkabidhi. Bi Biubwa aliugeuza, akaupigapiga kiganjani, akasema, “Mungu akuweke, mwanangu,” mbele ya watu wote wale.

Jumanne mkanda mpya ulifika, mzuri, ndani ya boksi lake. Basi Yahya angekwenda siku ile akaufunga, mambo yakaisha! Lakini injini haifunguliwi upande ule bila sababu, na sababu alikwisha kuiua mwenyewe. Gari lilipokuja kubadilishwa oili, alijaribu.

“Mama, liache mpaka kesho niangalie upande wa mkanda.”

“Mkanda una nini tena?”

“Hauna kitu. Kuangalia tu.”

“Kama hauna kitu, utauangalia wa nini? Kazi yako naijua.” Akaondoka zake na gari.

Akajaribu mara ya pili kwa kusingizia sauti ambayo Bilali, mwenye masikio yake mawili, hakuisikia. Mara ya tatu hakujaribu. Boksi akalitia chini ya kitanda, na mkewe Shufaa alipouliza ni la nini, alimjibu kwa ukali usiomstahili mtu aliyeuliza swali la kawaida. Gari likaenda Lugoba msibani, likarudi. Likaenda Fukayosi, likarudi. Kila liliporudi Yahya alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Sifa nazo hazikukoma. Kwa maneno ya Bi Biubwa, Husseni wa Mapinga naye alileta Haisi yake ibadilishwe mkanda. Yahya aliifanya kazi ile kwa uangalifu ambao hajapata kuufanya tangu aanze kushika spana, kana kwamba gari la mtu mwingine lingeweza kumlipia deni la roho. Halikumlipia. Alimkabidhi Husseni mkanda wake wa zamani, wa kweli.

Ilipofika mwezi wa tano, Lulu, mtoto wa mwisho wa Bi Biubwa, alichumbiwa Pangani. Harusi ikapangwa, na Alhamisi ya juma la harusi Yahya akaitwa.

Aliwakuta Bi Biubwa na dada zake wawili barazani wakichambua mchele kwenye ungo. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba tatu, akapewa maji ya mtungini kwenye kikombe cha bati.

“Nimekuita kwa heri,” alisema Bi Biubwa. “Jumamosi tunampeleka Lulu kwa mumewe. Tutapita Fukayosi na Kiwangwa mpaka Msata, tushike barabara kuu ya Segera. Kuna walionipa gari jipya la kukodi, nimekataa. Nimesema mwanangu atapanda gari la baba yake, na fundi wake ninaye. Lulu atakaa siti ya mbele aonekane, na wewe nataka uwe katika safari, ukae na wanaume kama ndugu yake.”

Yahya aliyameza maji yaliyokuwa mdomoni. Alimwona Lulu akipita ukumbini, mikono imejaa hina, ameinyanyua juu isiguse kitu. Akakiweka kikombe chini.

“Mama, naomba neno. Tusogee kando.”

“Sema hapahapa. Hawa ni wakubwa zako.”

Akasema. Alisema akiwa ameinamia mkanda ulio chini ya mtungi, kwa sababu macho hakuwa na pengine pa kuyapeleka. Alisema habari ya Jumamosi ile, na skrubu, na debe, na kwamba mkanda ulio ndani ya gari ni uleule wa zamani uliokwisha muda wake miezi mitatu iliyopita. Alipomaliza, ungo ulikuwa umesimama, na dada mmoja ameshika punje za mchele asizitupe wala asizirudishe.

Bi Biubwa hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

“Tangu maulidi ya Mapinga?”

“Ndiyo, mama.”

“Nimekwenda Lugoba na gari hilo. Tulikuwa kumi na watatu, na kitoto kichanga.”

“Najua, mama.”

“Unajua. Niliporudi ukaja kunipa pole, ukakaa hapo ulipokaa, ukanywa maji.”

“Nilikunywa.”

“Kwa nini hukuniambia siku ile kwamba mkanda haujaja? Ningekutukana, yakaisha.”

“Niliona haya, mama. Ulikuwa umesimama na watu.”

Bi Biubwa alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. “Uliona haya mbele ya watu kumi na wawili. Mimi jina lako nimelitaja mbele ya wangapi?”

Machozi yalimlenga Yahya, mtu mzima mwenye ndevu, na dada za Bi Biubwa wakatazama pembeni ili kumsitiri, na kule kusitiriwa kukamuumiza zaidi.

“Na gari la Husseni?” aliuliza Bi Biubwa.

“La Husseni nilibadilisha, mama. Wallahi nili...”

“Usiape.”

Alilisema polepole, kama anavyoambiwa mtoto asiguse chungu. Ndipo Yahya alipoelewa ukubwa wa alichokifanya. Kazi zake zote za miaka kumi na tisa, za kweli tupu, sasa zilikuwa sawasawa na ile moja.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa Bi Biubwa alifika gereji na kigoda chake, akakiweka mbele ya gari, akakaa. Yahya alifungua rejeta, akatoa mikanda ya nje, akatoa puli na kava. Mkanda wa taimingi ulionekana. Ulikuwa na nyufa mgongo mzima, meno mawili yameliwa, na uzi umeanza kuning'inia upande mmoja. Bi Biubwa alisogeza kidole akaugusa ule uzi, akakirudisha kidole kwenye buibui lake. Yahya alifunga mkanda mpya, akalinganisha alama moja baada ya nyingine, kila alama akimwonyesha, naye kila alama akiitikia kwa kichwa kama mtu asikilizaye kesi.

Kabla hajamaliza Husseni naye akafika; habari mjini haziombi lifti. Akataka lake lifunguliwe. Yahya alilifungua bila ubishi. Mkanda ulikuwa mpya, mzima, unang'aa. Husseni aliuchungulia kwa muda mrefu.

“Ni mpya,” alikubali. Kisha akaongeza, “Ila nitajuaje ni mzuri? Nawe ndiye unayejua.”

Alikwenda na gari lake akiwa na mashaka yaleyale aliyokuja nayo. Tangu siku ile benchi la gereji lilihamishwa. Hakulihamisha Yahya; walilihamisha wateja, likawa karibu na injini, na kila mwenye gari hukaa hapo tangu spana ya kwanza mpaka ya mwisho. Vifaa vikuukuu anawapa bado, wanavipokea bila kuvitazama.

Kazi ilipokwisha ile Ijumaa, Yahya aliufuta mkanda uliochakaa, akautia kwenye boksi, akabaki ameushika, hajui kama ana haki ya kuutoa. Bi Biubwa alinyoosha mkono mwenyewe, akauchukua. “Safari ya kesho usije,” alisema. “Dada zangu wana hasira, na sitaki harusi ya mwanangu iingie maneno.”

Safari ilikwenda salama. Lulu alifika Pangani na hina yake. Siku kumi baadaye Yahya alikwenda kutoa hongera, kwa sababu kutokwenda kungekuwa ubaya juu ya ubaya. Bi Biubwa alimpokea vizuri, akamwuliza hali ya Shufaa, akamtekea maji. Barazani palikuwa na mgeni, shemeji mpya kutoka Pangani, ambaye hakumjua Yahya wala kazi yake.

Mtungi ulikuwa mahali pake. Chini yake palikuwa na mkanda mwingine, wenye nyufa, uzi umening'inia. Mgeni alipomaliza kunywa akauliza, kama wanavyouliza wote, “Na huo, Bi Biubwa, ni kitu gani?”

“Mkanda wa gari langu. Umebadilishwa juzijuzi, nilikuwepo.”

“Umekwisha kweli huu! Ni bahati umepata fundi mzuri. Ni nani, nami nimpelekee langu?”

Yahya alikuwa na kikombe mkononi. Bi Biubwa alimtazama, na haikuwa sura ya chuki. Ilikuwa sura ya mtu anayetafuta neno na kuona hana.

“Ni fundi tu wa hapa mjini,” alisema, akamgeukia mgeni kumwuliza habari za Lulu.

Yahya akayanywa maji yake yote, akakirudisha kikombe juu ya mtungi, akaaga.