Akidi ya Chumba cha Nyuma

Kila Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, fundi cherehani alifunika cherehani yake, akafagia vipande vya nyuzi, akachukua daftari la vipimo na kuingia chumba cha nyuma. Mbele, daftari hilo lilikuwa na viuno na mabega ya wateja. Likigeuzwa kichwa chini, lilikuwa na kumbukumbu za vikao vya tawi la Chama cha Ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa katibu, mwaka wa thelathini na moja sasa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri upande wa siasa kuliko upande wa viuno.

Viti vilikuwa ishirini na vitatu. Wanachama wenye miili walikuwa wawili: yeye, na fundi baiskeli wa mtaa wa pili, ambaye ndiye mwenyekiti na ndiye mgombea udiwani kila uchaguzi. Wengine ishirini na mmoja walikuwa sauti tu. Walihama mmoja mmoja kwenda Chama cha Daraja, chama kikubwa cha upinzani, wote kwa hoja ileile: tusigawe kura, tukizigawa Nanga, chama tawala, watapita tena. Walirudisha kadi na funguo, lakini sauti zao zilibaki vitini. Huko walikokwenda walipata nyingine, nyembamba, za kutosha kusema hewala. Katiba ya chama ilitaka akidi ya nusu ya wanachama, na haikusema popote kwamba lazima waje na miili, kwa hiyo makao makuu yalizipokea kumbukumbu kila mwezi bila maswali.

Sauti hazikuzeeka. Ya muuguzi bado ilicheka kabla ya kumaliza kichekesho chake. Ya mpiga chapa bado ilishikilia kwamba rangi ya kijani inakula wino. Walibishana kuhusu bomba la maji, paa la soko na wodi ya wazazi pale zahanati, kama walivyobishana wakiwa vijana na chumba kikinuka rangi mbichi ya mabango. Fundi cherehani alizipenda Jumamosi hizo kuliko alivyokipenda chama chenyewe, na hakuona haya kulikubali hilo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi, mdogo wake alibisha hodi. Alikuwa mwalimu mstaafu na wakala wa Daraja, na alikuwa hajakanyaga pale kwa miaka minne na ushee.

Sababu ilijulikana. Uchaguzi uliopita Daraja walishindwa kwa kura tisa, na Ngazi walipata kumi na nne. Kumi na mbili kati ya hizo zilitoka kwa nani, hakuna aliyewahi kukiri hata kwa mkewe. Diwani wa Nanga aliifunga wodi ya wazazi, akaijaza saruji ya kazi zake za ujenzi. Miezi michache baadaye binti wa mwalimu alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye gari kupelekwa mji wa jirani, na mtoto akafia njiani. Mwalimu hakumlaumu dada yake hata kwa neno moja. Aliacha tu kuja kunywa chai.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, mdogo wangu. Hicho kina mtu, kaa hiki."

Mwalimu akasogea kiti cha pili. "Sikai sana. Nimekuja kuomba safari hii msisimamishe mtu. Mwenyekiti hawezi kushinda, na mwenyewe anajua."

"Najua sana," alisema fundi baiskeli, akijifuta grisi vidoleni.

"Sasa?"

"Sasa ilete hoja kikaoni," alisema fundi cherehani. "Mimi katibu tu."

Mwalimu akasimama. Kwa ile sauti yake nyembamba alitoa hesabu ya tisa na kumi na nne, akaielezea mara mbili kama alivyozoea darasani. Kisha akaiacha hesabu.

"Wodi ingekuwa wazi, mwakani mjukuu wangu angeanza chekechea," alisema.

Halafu kiti cha dirishani kikaomba nafasi. Ilikuwa sauti nene ya kijana wa miaka ishirini na sita, sauti ya kusikika mpaka dawati la mwisho. Mwalimu aliitambua mara moja, akatazama viatu vyake. Ilikuwa yake.

"Mwenyekiti, napinga. Mzee tunampa pole kwa moyo wote. Lakini tukijitoa, nani atabaki wa kuitaja hiyo wodi? Daraja hawajaiandika popote."

Mwalimu akatoa ilani ya Daraja mfukoni, akaisoma mbele na nyuma. Kweli, haikuwamo.

"Mengine hayaandikwi," alisema. "Tutaifungua."

Kura zikapigwa. Sauti nane zilitaka kujitoa, kumi na tatu zilikataa. Fundi baiskeli hakupiga, kwa kuwa aliyejadiliwa ni yeye. Fundi cherehani aliushikilia mkono wake mapajani kwa muda mrefu, roho ikimuuma, maana aliijua bei yake: huenda asinywe tena chai na mdogo wake maisha yake yote. Kisha akaunyoosha pamoja na waliokataa.

Mwalimu alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Daraja walishinda kwa kura nne. Ngazi walipata kumi na mbili. Mwalimu alibebwa juujuu mpaka sokoni, na fundi cherehani, aliposikia vigelegele, aliinamia cherehani akalia kwa kushukuru. Wodi ingefunguliwa, na mkono wake ungekuwa haukumdhuru mtu. Angefurahi kukosea hata mara kumi.

Mwezi wa tatu baada ya uchaguzi kufuli la wodi lilibadilishwa. Saruji ya Nanga ilitolewa, ikaingizwa saruji ya diwani mpya. Mwalimu aliuliza mara ya kwanza, akaambiwa asubiri bajeti. Aliuliza mara ya pili, akaulizwa yeye yuko upande gani. Alipojaribu mara ya tatu, kilichomtoka mdomoni ni hewala.

Jumamosi iliyofuata alirudi chumba cha nyuma. Dada yake alimwekea chai, naye akainywa.

"Dada, yule mzee amerudi," ilisema sauti ya dirishani. "Ana kadi?"

"Hana."

"Basi hataruhusiwa kuchangia. Lakini akae, asikilize."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Nje lori lilipita kuelekea zahanati, taratibu, kwa uzito wa mifuko liliyobeba, na vikombe vikatikisika mezani. Sauti ya kijana ikalisubiri lipite.

"Ndugu zangu," ilisema, "mimi nawahakikishieni, wodi hiyo tutaifungua kabla mwaka haujaisha."

Katibu akaandika. Viti vyote vikapiga makofi, na mwalimu akapiga pamoja navyo, kwa nguvu, mpaka viganja vikamuuma.